Mkaja wa Mwanakombo

Sogeeni. Sogeeni, lakini si mpaka mnikalie miguu. Kabla sijafungua kinywa, kila mmoja ashike sikio lake la kushoto aape. Semeni: "Nitakayoyasikia kwenye mkeka huu yafie kwenye mkeka huu." Haya. Wewe Tunu, umeshika sikio la mwenzio, shika lako. Kiapo cha sikio la mtu mwingine hakishiki.

Kisa hiki ni siri. Bibi yangu alinisimulia nikiwa kadiri yenu, akaniapisha nisimwambie mtu. Yeye aliapishwa na somo yake. Somo yake aliapishwa na wanawake waliokuwapo siku ile yenyewe, na wote walirudi makwao wakiwa wameapa, ndiyo maana jua lilipozama kisa kilikuwa kimeshavuka mto na kinakula chakula cha jioni upande wa pili. Siri ya wanawake wa mji mmoja, wajukuu zangu, ni kama moshi wa jikoni: aliyefunga mlango ndiye unayemwasha macho. Basi mimi ni nani hata niizuie?

Nipo?

Upo!

Mpo?

Tupo!

Basi ilikuwa kale, kale ya makale, zamani zile jogoo alipokuwa akiulizwa kwanza kama yuko tayari kuchinjwa, naye akijibu kwamba leo ana shughuli, mje kesho. Katika mji wa Mitondooni palikuwa na kijana akiitwa Chande, mkulima wa mtama. Alikuwa mtu mwema. Mwema hasa, wa wema ule ambao ukimwambia mvua ya mwaka huu inanyesha kwenda juu, atakwambia "Ahaa, kumbe," kisha ataendelea kupalilia.

Mkewe akiitwa Mwanakombo, binti wa maneno machache na macho mengi. Akapata mimba yake ya kwanza. Desturi mnaijua: mimba ya kwanza mwanamke huenda kuzalia kwao, kwa mama yake. Lakini mwaka huo masika yalikuja na hasira, mto ukafura, na kwao Mwanakombo ni ng'ambo. Akazalia kwa mume. Akazaa mtoto wa kike, mzima, ana sauti ya kuamsha mtaa, wakamwita Riziki.

Mama yake Chande alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Nani atamuuguza mzazi? Chande akafikiri kutwa nzima, na jioni akafikia shauri ambalo mkewe angelilia kama angeulizwa. Akamwita shangazi yake, Bi Kazija.

Ee, wajukuu zangu! Bi Kazija! Mwanamke aliyeijua miiko yote ya uzazi, na ile isiyokuwapo ndiyo aliyoijua zaidi. Alikuja na kikapu cha dawa, na chetezo, na ubani, akasimama katikati ya ua watu wote wanamsikia, akasema:

"Mimi Kazija nimeweka nadhiri. Kwa ajili ya kitoto hiki nitafunga kila siku, alfajiri mpaka magharibi, mpaka siku ya arobaini atakapotolewa nje. Mchana hakipiti kitu kooni mwangu. Hata mate nitayameza kwa huzuni."

Wanawake wakapiga vigelegele. Wengine wakatokwa na machozi. Chande akasema, "Ahaa, kumbe," akaenda kuchinja kuku.

Sasa nyinyi wasichana tegeni masikio, maana hapa pana ya kuwafaa. Na nyinyi wavulana pia tegeni, kuku hajichinji mwenyewe. Mwanamke akijifungua, mwili wake ni kama nyumba iliyotoka kuhamwa: milango wazi, upepo unapita. Ndiyo maana anakandwa kwa maji ya moto. Ndiyo maana anafungwa mkaja, ile nguo ndefu inayozungushwa tumboni, raundi juu ya raundi, ikakazwa. Mtoto anafunikwa apate joto, kitovu chake kinaachwa kikauke bila kuchezewachezewa, na anapewa ziwa kila anapolitaka, tangu yale maziwa ya kwanza ya manjano. Na mama anakunywa uji wa pilipili manga, anakula supu, anakula kuku, anakula samaki, analala mtoto anapolala. Mzazi ana kazi mbili tu duniani: kula na kunyonyesha. Zilizobaki zote ni za watu wengine.

Watu wa Mitondooni waliyajua yote hayo. Lakini walijua na jambo moja zaidi, na hilo moja ndilo lililoyaharibu yote. Walisema: chakula cha mzazi kikionwa na jicho, jicho hudondokea chunguni, na maziwa hukatika. Basi kila chungu kikafunikwa kawa, kikapelekwa kimefunikwa, na kikaliwa nyuma ya pazia zito, ndani ya chumba chenye giza, anapoingia mwuguzi peke yake. Mume haingii. Jirani haingii. Kilichopita pale kilipita.

Mnaona? Waliogopa jicho. Mdomo haukuogopwa na mtu.

Basi kila siku moshi ulipanda jikoni kwa Chande. Asubuhi uji wa pilipili manga na samli. Kabla ya adhuhuri supu ya kuku. Alasiri samaki wa mtoni kwa nazi. Majirani nao hawakuwa nyuma, huyu analeta mayai, yule maboga, yule kongoro. Na Bi Kazija hupokea chungu uani, hukiweka kichwani, huenda nacho kwa mwendo wa bibi harusi, huku akiimba:

*Pisheni njia, pisheni!*
*Jicho lisione, pua isinuse,*
*chakula cha mzazi kinapita!*

Watu huinamisha vichwa. Huziba pua. Chande huziba pua kwa mikono miwili. Bi Kazija huingia nyuma ya pazia, na baada ya muda wanawake walioketi ukumbini huuliza kama desturi:

"Mzazi kala?"

"Kala!" hujibu Bi Kazija.

"Kashiba?"

"Kashiba, kalamba na sahani!"

Wote husema mashallah. Hebu nanyi semeni. Mzazi kala? Kala! Kashiba? Kashiba, kalamba na sahani! Vizuri. Mnasema kama watu wa Mitondooni kabisa, na hamkuona chochote, kama wao.

Sasa ngojeni niwachungulishe nyuma ya pazia. Mmeapa, eti?

Nyuma ya pazia Bi Kazija huketi juu ya kigoda, hufunua chungu, huvuta harufu mpaka mabega yanapanda. Kisha humimina katika kibakuli, kutoka chombo kingine alichokificha mvunguni, uji mwepesi wa mtama, uji ambao wenyewe ulikuwa unaona haya kuitwa uji. Humpa Mwanakombo. Kuku hubaki naye.

"Shangazi," alisema Mwanakombo siku za mwanzo, "naomba basi paja."

"Paja! Wataka mwanao atembee kabla ya kukaa, atumbukie kisimani?"

"Basi bawa."

"Bawa! Aruke atuache?"

"Na yai, shangazi?"

"Awe na upara mpaka siku ya harusi yake."

"Mchuzi mtupu, basi."

"Mchuzi huu umelala na paja, umelala na bawa. Mwanangu, miiko haitaki mzaha. Nakula mimi ili nikuepushe wewe. Wadhani naona raha?" Akaufyonza mfupa mpaka ukalia filimbi. "Naumia."

"Lakini shangazi, si una nadhiri?"

Bi Kazija akamtazama kwa masikitiko, kama mtu anayemtazama mtoto aliyevaa nguo kinyume. "Kula ni kule mtu anakokaa na wenzake akafurahi. Huku ni kuondoa nuksi. Kunywa uji wako."

Mtauliza, mbona hakupiga kelele? Wewe Tunu ungepiga, najua, wewe hupiga kelele hata ukikanyagwa na kivuli. Lakini Bi Kazija alikuwa mwerevu. Siku ile ya kwanza aliinama juu ya kitanda, akamwekea Riziki kidole kifuani, akamwambia Mwanakombo polepole:

"Nikwambie jambo ambalo mama yako angekwambia kama mto usingejaa. Neno 'njaa' mzazi halitamki kabla ya arobaini. Mauti yamekaa pale kizingitini, yanasikiliza. Siku yatakaposikia mzazi wa nyumba hii analia njaa, yatajua mtoto hana mlinzi. Umesikia? Kwangu mimi waweza kuomba, mimi ni mwuguzi. Kwa mtu mwingine, neno moja tu, na huyu tumemzika."

Msimcheke Mwanakombo. Mama wa mtoto mchanga, tena wa kwanza, ukimwambia usalama wa mwanawe ni yeye asipumue kwa pua, atajifunza kupumua kwa masikio. Akamkumbatia Riziki, akafunga kinywa.

Siku zikaenda. Mzazi "anakula" na anakonda. Bi Kazija "anafunga" na ananenepa. Mashavu yalimjaa, shingo ikaingia ndani kama ya kobe, bangili zikakwama kwenye vifundo vya mikono zikawa hazitoki hata kwa mafuta. Na watu wa Mitondooni walisemaje? Walishangaa kwa utukufu wa Mungu.

"Tazameni baraka za nadhiri!" walisema. "Hali, hanywi, na bado mwili unamjaa nuru!"

Binti mmoja wa jirani, mwembamba kama ufito, aliyekuwa akitafuta mume, naye akaanza kufunga apate kunenepa. Akafunga mpaka akaanguka kisimani na ndoo yake. Walipomtoa wakamwambia hana imani ya kutosha.

Na mkaja? Ee, mkaja ndio kisa chenyewe, msiuchezee. Kila asubuhi, baada ya kumkanda, Bi Kazija alimfunga Mwanakombo mkaja. Mwanzoni nguo ilizunguka tumbo ikaisha pale pale, ncha ikabaki ya kuchomekea tu. Baadaye ikabaki ya shibiri. Baadaye ncha ikafika gotini. Baadaye ikafika unyayoni. Mwishowe ikawa inaburuta chini kama mkia, na Bi Kazija akawa anaukunja huo mkia na kuuficha chini ya mto wa kitanda. Badala ya kushtuka, alitoka ukumbini kujisifu.

"Mkaja wangu huo! Tumbo limerudi kama halijawahi kuzaa. Kiuno cha nyigu! Njooni niwafunge na nyinyi."

Wanawake wakamwonea Mwanakombo wivu. Kuna mmoja alisema bila haya, "Wengine tuna bahati mbaya tu, tukizaa tunakula mpaka tunaharibika."

Lakini mtoto hadanganyiki kwa pazia. Ziwa likawa tupu. Riziki aliyeamsha mtaa siku aliyozaliwa sasa alilia kama kitoto cha paka kilichosahauliwa chini ya kapu. Ngozi ya mapaja ikalegea. Mwanakombo alimbadilisha ziwa, hili na lile, hili na lile, mtoto anavuta, anaacha, anamtazama mama yake kama anamuuliza kulikoni. Na mama hana jibu analoruhusiwa kulitamka.

Chande alikuja nje ya ukuta, kwenye kijidirisha kidogo kama tundu la njiwa, akaita:

"Mke wangu, mtoto analia sana. Unakula lakini?"

Mwanakombo akafumbua kinywa. Bi Kazija akamwonyesha kizingiti kwa kidole. Kisha Bi Kazija mwenyewe akabana pua, akatoa sauti nyembamba, dhaifu, tamu, sauti ya Mwanakombo kabisa:

"Nakula, mume wangu. Nimeshiba mpaka siwezi kugeuka. Ila kesho usisahau firigisi."

"Ahaa," akasema Chande, "kumbe." Na kesho yake akachinja wawili.

Basi mji mzima ukakaa kumjadili mtoto. Mmoja akasema ni jicho. Mwingine akasema jina halijamkaa, abadilishwe. Mwingine akasema mama alilala sana ubavu wa kushoto. Kila mtu alikuwa na lake, na hakuna hata mmoja aliyesema twendeni tumtazame mzazi anavyokula. Mwisho Bi Kazija akajikohoza, akasema kwa huzuni iliyonona:

"Jumbe wa mji, na nyinyi ndugu zangu, nimeficha kwa sababu ya heshima, lakini sasa siwezi. Mwanamke huyu maziwa yake ni maji. Anakula kuku mzima, mnaona wenyewe vyungu vinarudi vitupu, na ziwani hakitoki kitu. Ni tumbo la nuksi. Binti yangu aliye bondeni ana maziwa ya kulisha watoto wawili. Siku ya arobaini mtoto apelekwe kwa binti yangu akanyonye huko, na huyu arudishwe kwao ng'ambo kabla hajaiharibu nyumba. Bila shaka," akaongeza, "anayenyonyesha lazima apelekewe kuku kila siku. Nitajitwisha mimi mzigo wa kuwapeleka."

Jumbe akakubali. Chande alilia, lakini alilia kwa kukubali, maana shangazi ndiye aliyejua. Na Mwanakombo alikuwa nyuma ya pazia, hatua chache tu kutoka pale, na kila neno alilisikia.

Sasa nataka mnyamaze. Acheni kutafuna.

Siku ya arobaini ikafika. Mto ulikuwa umepungua, na asubuhi hiyo akavuka mama yake Mwanakombo, Bi Tatu, mwanamke mfupi, mpana, mwenye mkono wa kupika na mkono wa kupiga. Alikuja na chungu kikubwa kichwani: jogoo aliyechemshwa kwa tangawizi, pilipili manga na tui zito. Harufu ilitangulia, ikaingia mjini kabla yake, mbwa wakasimama.

"Yuko wapi mwanangu?" akauliza.

"Salama, dada, salama," akajibu Bi Kazija, huku macho yake yamekwenda juu ya chungu na hayakurudi. "Lakini jicho halimwoni mzazi kabla hajala chakula chake cha mwisho cha ndani. Akishakula atatolewa, na jumbe atasema neno. Nipe nimpelekee."

"Nampelekea mwenyewe. Mimi ni mama yake."

"Wewe ni mama yake, ndiyo maana jicho lako ndilo kali kuliko yote. Wataka kumuua mjukuu wako siku ya mwisho?"

Bi Tatu akautazama mji, mji ukainamisha vichwa. Akatoa chungu. Lakini aliketi ukumbini mbele kabisa, miguu imekunjwa, uso kwenye pazia, na wanawake wote wakaketi nyuma yake. Wanaume wakajaa uani, mlango wazi, jumbe kwenye kiti, Chande kando yake anajifuta pua.

Wakati Bi Kazija yuko uani anabishania chungu, Mwanakombo alikuwa peke yake. Alitazama mtoto wake. Alitazama kizingiti. Kulisema lile neno hawezi. Kumwita mama yake hawezi, akimwita atalia, na akilia atalisema. Akatazama mkaja uliomzunguka, na mkia wake uliofichwa chini ya mto. Akauvuta ule mkia. Ukaja, ukaja, ukaendelea kuja. Hiyo ilikuwa nyama yake yote iliyopotea, wajukuu zangu. Kila kuku aliyeliwa na mwingine alikuwa ameuongezea mkaja ule urefu.

Pazia lilining'inia kwenye kamba, na kamba ilifungwa kwenye kigingi cha ukutani kwa fundo la kitanzi, fundo lile ambalo ukivuta ncha linafumuka lenyewe. Kigingi kiko kule mlangoni, kitanda kiko huku. Mwanakombo akashuka, akafika kwenye kigingi akishika ukuta, akaifunga ncha ya mkaja kwenye ncha ya kamba, akarudi kitandani, akauweka mkaja chini kandokando ya ukuta, akamchukua mwanawe akampa ziwa. Mzazi hakutamka neno. Nani anasema alitamka neno?

Huyooo Bi Kazija anakuja:

*Pisheni njia, pisheni!*
*Jicho lisione, pua isinuse,*
*chakula cha mzazi kinapita!*

Akaingia. Giza, hakuona mkaja. Hata kungekuwa na taa nne asingeona, maana alikuwa na jogoo mikononi. Siku hizo alikuwa ameshazoea kuketi amempa mzazi mgongo na kulielekea pazia, kwa kuwa macho ya Mwanakombo yalimharibia ladha. Akaketi kigodani, akafunua kawa, akachukua paja kwa mkono huu na bawa kwa mkono huu, akang'ata, akafumba macho kwa utamu.

"Kula mwanangu," akasema kwa sauti yake nzito ili ukumbi usikie, "kula, mama yako kakupikia."

Kisha akabana sauti: "Tamu, shangazi. Tamu mno."

"Ongeza kipande."

"Naongeza, shangazi."

Nje ya pazia Bi Tatu akageuza kichwa kidogo. Sauti ya mwanao, hata mtu akiiiga vipi, ina kitu kisichoigika. Akataka kuinuka.

Na Mwanakombo akavuta.

Fundo likafumuka. Kamba ikaruka. Pazia lote, zito, lililoficha arobaini nzima, likashuka chini, pu! Mwanga ukaingia ndani kama mgeni aliyechoka kubisha hodi.

Na pale, mbele ya wanawake wa ukumbini, na wanaume wa uani, na jumbe na kiti chake, alikuwa ameketi Bi Kazija mwenye nadhiri, jua la asubuhi liko juu, tui linamchuruzika mpaka kwenye viwiko, mashavu yamejaa, macho amefumba. Nyuma yake kitandani yuko Mwanakombo, mwembamba kama uzi wa sindano, midomo imefungwa, mtoto ziwani, mkia wa mkaja mkononi. Kibakuli cha uji mwepesi kiko pembeni, nzi wenyewe wamekikataa.

Walio nyuma wakasimama waone vizuri. Na Bi Kazija, maskini, utamu ulikuwa umemziba masikio. Akaendelea, kwa ile sauti nyembamba, paja liko mdomoni:

"Nimeshiba, shangazi, nimeshiba. Siwezi tena, ila hilo bawa labda."

Bi Tatu hakupiga kelele. Alisogea hatua moja, akainama karibu na uso ule wenye mafuta, akauliza taratibu, kama desturi:

"Mzazi kala?"

"Kala!" akajibu Bi Kazija kwa sauti nzito, macho bado amefumba.

"Kashiba?"

"Kashiba, kalamba na saha—"

Akafumbua macho.

Paja, wajukuu zangu, likabaki mkononi nusu ya njia. Kisha kutoka uani ikaja sauti ya Chande, polepole, sauti ya mtu anayeamka usingizi wa miaka:

"Ahaa," akasema. "Kumbe."

Na hapo hapo ndipo ninapoachia, Bi Kazija akiwa na paja mkononi, maana kila anayeisimulia siri hii humwacha pale pale. Hajalimeza mpaka leo.

Funzo? Mtoto mchanga hula kwa kinywa cha mama yake. Basi ukitaka kujua kama mzazi kala, usiulize pazia, wala usimwulize anayetoka nyuma yake anajifuta mdomo. Keti na mzazi, umtazame akila, na ukiona mkaja unazidi urefu, usimsifu kiuno, mwongeze nyama. Na nyinyi mtakaozaa, mwenye njaa aseme njaa. Mauti hayakai kizingitini kusikiliza maneno. Wanaokaa kizingitini kusikiliza ni majirani, na mimi nikiwa mmoja wao.

Chungu nimekifunua, kawa nawaachieni nyinyi. Aliyeshiba alambe kidole, ambaye hajashiba avute mkaja.

Na kumbukeni mmeapa. Kesho asubuhi nakwenda kisimani, na nikikuta kisa hiki hakijafika kabla yangu, nitajua mmelala usingizi mtupu.